Kijana wa ukoo aliyekufa vitani akiwa Jeshi la Anga: namna ya kuitafuta na kuiandika historia yake

Vita vya Kagera vilimalizika tarehe 3 Juni 1979. Kijana aliyekwenda vitani akiwa na miaka 22 leo angekuwa anakaribia 70. Wadogo zake wapo: wengine wako kwenye migomba Kibosho na Machame, wengine wamestaafu na kujenga Sakina au Njiro. Walimu waliomfundisha wengi wametangulia, na mama mzazi, kama bado yupo, ni bibi wa miaka tisini na kitu. Faili la serikali linaweza kukusubiri mwaka mzima. Shangazi wa miaka 84 hawezi. Ndiyo maana nakusihi usianze na ofisi yoyote, anza na watu.

Nimeandika nikimfikiria hasa kijana wa anga, yaani rubani, fundi wa ndege, mtu wa rada au wa mizinga ya kutungulia ndege. Njia yenyewe inamfaa pia askari wa miguu, na kwa wale ambao mzee wao alikufa katika Vita Kuu ya Pili nimeweka sehemu yao huko mbele.

Wazee kwanza, na kwa utaratibu wao

Kabla ya kumhoji yeyote, nenda kwa mkubwa wa ukoo, baba mkubwa au babu mdogo anayeongoza vikao, umweleze unachokusudia. Huyo ndiye atakayepiga simu mbele yako aseme "mtoto wetu anakuja, mpokeeni". Ukiruka hatua hii, kuna mlango utakaofungwa kwa upole, utaambiwa tu kwamba mzee hajisikii vizuri leo. Nenda na sukari na majani ya chai, amkia, kula utakachopewa, usitoe daftari mapema.

Mama mzazi, kama yuko hai, usimwendee wa kwanza. Waulize wanawe waliobaki kama anapenda kuzungumzia habari hiyo. Wapo kina mama ambao kwa miaka zaidi ya arobaini hawajalitaja jina la mtoto yule, na wapo wanaomtaja kila jioni kwenye sala. Watoto wake wanajua yeye ni yupi.

Swali la "alikufa lini?" huzaa jibu fupi na mara nyingi la kukisia. Uliza jinsi habari ilivyofika. Nani alikuwa nyumbani? Aliyeileta alikuja kwa miguu, kwa gari la jeshi, au alikuwa mwenyekiti wa kijiji? Alivaa nini? Aliongea na baba pembeni kwanza, au alisema mbele ya wote? Siku ya pili mlifanya nini, mlikwenda shule? Mtu aliyekuwa na miaka kumi siku ile anaweza asikumbuke mwezi, lakini akakumbuka kwamba alitumwa kumwita mjomba shambani na kwamba walikuwa wanachuma kahawa. Hapo tayari una msimu, na kutokana na msimu utapata miezi.

Tarehe za wazee hutafutwa kwa kuzipachika kwenye mambo makubwa waliyoyaishi. Kwa watu wa Kilimanjaro na Arusha haya yanasaidia sana: Azimio la Arusha Februari 1967, kuvunjwa kwa KNCU pamoja na vyama vingine vikuu vya ushirika 1976, kuzaliwa kwa CCM tarehe 5 Februari 1977, kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka huohuo, Holili na Namanga, hadi 1983, miezi 18 ya kufunga mikanda baada ya vita, na kifo cha Sokoine tarehe 12 Aprili 1984. "Alikuja likizo mara ya mwisho mpaka ukiwa umefungwa, maana alileta sukari kutoka Dar" ni ushahidi mzuri kuliko mwaka uliotajwa kwa kubahatisha.

Rekodi sauti kwa simu, kwa ruhusa. Mzee akiongea Kichaga, Kimeru au Kimaasai mwache aendelee na lugha yake, utatafsiri baadaye. Usimsahihishe anapokosea na usimsomee alichosema ndugu yake. Ukiwakutanisha ndugu wawili kabla hujamsikia kila mmoja peke yake, aliye mkubwa ndiye atakayesema, na mdogo, ambaye pengine ndiye aliyekuwepo nyumbani siku ile, atanyamaza kwa heshima.

Sanduku la chuma

Karibu kila nyumba ina sanduku la chuma chini ya kitanda cha bibi au shangazi. Uliza kama lipo na uombe lifunguliwe na mwenyewe. Unatafuta cheti cha ubatizo au kipaimara, vyeti vya shule, kadi ya TANU, barua na bahasha zake, telegramu, barua ya pole, picha, stakabadhi za mafao, saa, mkanda, kofia.

Bahasha usiitupe hata kama barua haipo. Muhuri wa posta unakupa mji na tarehe, na anuani ya mtumaji inaweza kuwa na namba inayofuatwa na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Namba hiyo ni ya thamani kubwa. Ukiipata pamoja na namba yake ya utumishi na jina kama lilivyoandikwa jeshini, nusu ya safari umeimaliza.

Picha ipige mchana, kando ya dirisha, bila mwanga wa simu, ikiwa imelala mezani. Geuza upande wa nyuma upige pia, kwa sababu studio nyingi ziligonga muhuri wa jina na mji, na mara nyingi mwenyewe aliandika maneno mawili matatu kwa kalamu. Picha iliyogandana na albamu usiibandue, piga ilivyo. Halafu tafadhali, usipeleke nakala halisi stationeri ikafungwe kwenye plastiki ya moto. Karatasi kuukuu ikishafungwa humo haitolewi tena, na nyuma yake hapasomeki. Weka picha kwenye bahasha safi ya karatasi, rudisha vitu sandukuni siku hiyohiyo, na mwenye sanduku aone umerudisha.

Je, alikuwa rubani kweli?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Kijana yeyote aliyekuwa Jeshi la Anga, kijijini aliitwa rubani. Lakini ili ndege moja iruke kulikuwa na mafundi wa injini, wa umeme na wa silaha, watu wa mafuta, wa rada, wa hali ya hewa, madereva, walinzi wa kiwanja. Wote ni askari wa anga na wote waliweza kufa vitani. Hakuna heshima inayopungua kwa kusema alikuwa fundi. Kinachoharibika ni utafutaji, kwa sababu utamtafuta mtu kwenye orodha ambayo hayumo.

Tazama picha ya kijeshi taratibu. Marubani huvaa beji ya mabawa kifuani. Tazama mabega na mikono upate cheo, na beji ya kofia. Vyeo vya anga katika JWTZ ni vilevile vya nchi kavu, kwa hiyo "luteni" au "sajini" peke yake haikuambii alikuwa tawi gani. Kupigwa picha mbele ya ndege hakuthibitishi kwamba aliiendesha.

Mahali alipofundishwa panasema mengi. Kikosi cha anga kilianza miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ambayo ilijitoa mwaka 1965. Wakaja Wakanada hadi 1970, kisha China, iliyotoa ndege za kivita na mafunzo. Kwa hiyo kijana wa miaka ya 1970 mwenye picha ya studio yenye maandishi ya Kichina nyuma, au anayekumbukwa kwa kuleta thamosi na blanketi kutoka huko, kuna uwezekano mkubwa alikwenda kozi China. Kituo kikuu cha ndege za kivita kilikuwa Ngerengere, mkoani Morogoro, na wakati wa vita kiwanja cha Mwanza kilitumika sana. Majina haya mawili yakijitokeza kwenye barua au simulizi, yaandike kwa wino mwekundu.

Wengi walipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwanza. Uliza alikwenda kambi gani na nani wa kijiji chenu alikwenda naye. Mwenzake wa kambi anaweza kuwa yuko hai, Himo au Usa River, na hajawahi kuulizwa.

Jina lake lina sura nyingi

Nyumbani aliitwa kwa jina la babu, kanisani ana jina la ubatizo, shuleni akatumia la ubatizo na la baba, na jeshini likaongezwa la ukoo. Tengeneza orodha ya miandiko yote inayowezekana kabla hujagusa daftari lolote: Mushi na Moshi, Massawe na Masawe, Urassa na Urasa, Kimaro na Kimario, Laizer na Laiser, Mollel na Moleli. Makarani waliandika walivyosikia. Mwaka wa kuzaliwa nao huyumba, kwani vijana walijiongeza au kujipunguzia miaka ili wapokelewe shule au jeshi. Ukikuta daftari la ubatizo linasema 1955 na karatasi za jeshi 1957, andika yote mawili. Tarehe ya ubatizo isikudanganye ikawa ya kuzaliwa.

Kalenda ya vita uitembeze pembeni

Chora mstari kwenye karatasi kubwa na uweke tarehe hizi, kisha kila unachosikia kibandike mahali pake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana, na siku iliyofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Januari 1979 majeshi yetu yalishika Mutukula. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari, mapigano ya Lukaya yakawa tarehe 10 na 11 Machi. Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ililenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Entebbe ilishikwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili, Jinja tarehe 22 Aprili, na tarehe 3 Juni wapiganaji wakafika mpaka wa Sudan.

Faida yake utaiona haraka. Tuseme kaka mtu anasema marehemu alikufa Kampala, na dada anasema habari ilifika kabla ya Pasaka. Pasaka ya 1979 iliangukia tarehe 15 Aprili. Kampala ilishikwa siku nne kabla, na kwa mawasiliano ya wakati ule ni vigumu taarifa kufika Rombo ndani ya siku hizo. Hapo mmoja kati yao amechanganya, ama mahali ama wakati, nawe unajua la kuuliza ukirudi.

Angalia pia baada ya mstari. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na wapo waliokufa katika kipindi hicho kwa ajali, maradhi au risasi. Kwa familia wote "walikufa vita vya Amin", lakini kwenye kumbukumbu huenda wakawa mahali tofauti.

Madaftari ya karibu na nyumbani

Parokia na usharika huenda vikakushangaza. Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893, kwa hiyo utamaduni wa kuandika ubatizo, kipaimara na ndoa ni wa zamani hapa mlimani. Nenda na barua fupi, omba kwa katibu, toa jina na miaka mitano ya kutafutia badala ya kumwambia "tafuta tu". Uliza kama kulikuwa na ibada ya kumwombea, hata kama mwili haukurudi. Familia za Kiislamu ziulize msikitini kwa wazee waliosimamia hitma, maana huko kumbukumbu iko zaidi kwa watu kuliko kwenye karatasi.

Shule aliyosoma, iwe Old Moshi, Umbwe, Lyamungo, Ilboru au Moshi Ufundi, huwa na daftari la uandikishaji lenye jina la mzazi na kijiji. Ukipata orodha ya darasa lake, umepata mashahidi.

Wengi husahau Mahakama ya Mwanzo. Kama marehemu alikuwa na mke, mtoto au mafao ya kulipwa, huenda lilifunguliwa shauri la mirathi. Humo utakuta tarehe ya kifo iliyotajwa wakati bado mbichi, majina ya warithi na msimamizi. Cheti cha kifo, kama kilitolewa, ulizia RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya.

Magazeti ya *Uhuru*, *Mzalendo* na *Daily News* ya 1978 na 1979 yanasomeka Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usitarajie sana jina la kijana wenu. Soma ili ujue wazazi wake walikuwa wanasikia nini wiki ile.

Kuandikia jeshi

Usiende kambini kugonga geti. Katika kila wilaya kuna Mshauri wa Mgambo, ofisa wa JWTZ anayefanya kazi kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mwone huyo kwanza, akuelekeze barua iandikwe kwa nani na ipitie wapi. Barua iwe ya ukurasa mmoja: jina kamili na miandiko yake mingine, namba ya utumishi kama mnayo, kikosi, cheo, kijiji, majina ya wazazi, mwaka wa kuandikishwa, mnachoamini kuhusu kifo chake, na uhusiano wako naye. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha undugu, na sahihi ya ndugu wa karibu zaidi aliye hai. Omba mambo matatu tu: tarehe ya kifo, mahali, na alikozikwa. Ukiomba faili lote utachelewesha hata hayo matatu. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Yapo mambo ambayo jeshi halitatoa, na hilo tuliheshimu. Usipige picha kambi, usichapishe mitandaoni karatasi yenye taarifa za kikosi, na mkongwe akikwambia "hilo sitalisema", funga daftari muongee habari za mazao.

Kaboya

Wapiganaji zaidi ya 600 wa vita vile wamezikwa Kaboya, Wilaya ya Muleba, Kagera, penye mnara wao wa kumbukumbu. Ni eneo la jeshi, hivyo safari iombewe kibali mapema kwa njia ileile ya Mshauri wa Mgambo. Taifa huwakumbuka mashujaa tarehe 25 Julai, na familia nyingine hupenda kwenda karibu na siku hiyo. Mimi ningewashauri mwende siku ya kawaida, mkiwa na muda wa kusoma jina moja moja kwa utulivu. Mchukue mmoja wa ndugu zake wa damu hata kama itabidi mchange nauli. Piga picha ya kaburi kama mmeruhusiwa, na uandike jina jinsi lilivyo, hata kama herufi imekosewa.

Kama hayumo, haina maana hakufa vitani. Wapo ambao miili haikupatikana, na kwa watu wa ndege jambo hilo ni jepesi kutokea.

Kama mzee wenu alikufa katika Vita Kuu ya Pili

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu alitumikia chini ya Waingereza na majina mengi yapo kwenye intaneti bure. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ina orodha yake kwenye cwgc.org. Kwa vita hiyo inahesabu waliokufa wakiwa kazini kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, wakiwemo waliokufa kwa maradhi.

Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) mara nyingi aliandikwa jina moja tu, kwa hiyo tafuta kwa kikosi na mwaka. Kikosi cha Tanganyika kilikuwa cha 6, na batalioni zilizozaliwa humo zilibeba namba kama 26 na 36, ambazo zilipigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wako kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wako kwenye mnara ulio Nairobi War Cemetery. Kwa askari wa anga wa Jumuiya ya Madola waliopotea Afrika Mashariki, Ethiopia au Madagaska bila kaburi, angalia Mnara wa Alamein, Misri. Waliopotea wakiruka kutoka Uingereza wako Runnymede, karibu na London. Shajara za skwadroni zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kwenye mafungu ya AIR 27.

Usipomkuta, usikate tamaa wala usiwakatalie wazee. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Dhuluma hiyo iligusa wapagazi na askari wa huku kwetu. Tume hupokea maombi ya majina yaliyoachwa, ukiwa na ushahidi, na hapo ndipo rekodi zako za sauti na daftari la ubatizo vinapokuwa na kazi.

Kuandika

Mwandike akiwa hai kwanza. Ukoo unajua alikufa. Wajukuu hawajui kwamba alikuwa anatengeneza redio za kijiji kizima, au kwamba aliwahi kuchapwa kwa kuuza debe la kahawa kwa siri. Gawa kurasa zako hivyo: utoto na shule kwa upana, jeshi kadiri ulivyothibitisha, kifo kwa ufupi na ukweli, kisha yaliyowapata wazazi, mchumba na ndugu baada yake. Sehemu hii ya mwisho huachwa mara nyingi, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kila habari iandike imetoka kwa nani na lini. "Dada yake wa pili, Agosti, nyumbani kwake Marangu" inatosha. Simulizi mbili zikipingana ziweke zote mbili, bila kuamua nani mwongo. Ukisimuliwa jambo la aibu au la kumtuhumu mtu aliye hai, liache nje ya kitabu.

Kabla ya kuchapisha, msomee kwa sauti kila mzee sehemu aliyokupa, arekebishe. Ndipo utoe nakala: moja kwa mkubwa wa ukoo, moja kwa kila nyumba ya ndugu zake, moja parokiani au usharikani, moja shuleni kwake. Sauti na picha weka kwenye flashi mbili zikae nyumba mbili tofauti, usitegemee kundi la WhatsApp la ukoo, kwani simu zikibadilishwa vitu hupotea. Desemba watu wanapopanda nyumbani ndiyo nafasi ya kuzigawa. Acha kurasa chache tupu mwishoni na namba ya simu ya anayetunza nakala kuu, kwa sababu mara tu kitabu kitakapofika mikononi mwao, mtu ataibuka na picha ambayo hukuwahi kuiona.